Vyuma vya Mshazari

Lori la pamba lilimshusha Kemilembe penye njia panda ya Nyegezi, naye akaikumbatia mashine ya hospitali kama mtu aliyeazimwa mtoto mchanga. Ilikuwa mashine ya kuchora mapigo ya moyo. Sista mkuu wa hospitali kule Sengerema alimkabidhi kwa masharti: irudi Jumatatu, isiingie mchanga, na daktari asijue mpaka irudi.

"Kwani huko kwenye mawe mnampima nani moyo?" Sista alikuwa amemwuliza.

"Jua, Sista. Leo mchana litapatwa."

Sista akacheka, kisha akamwongezea karatasi ya akiba.

Tangu kivukoni Kemilembe alikuwa akiomba kimoyomoyo. Hakuomba makubwa. Aliomba mchana mmoja usio na mawingu ya radi, maana radi hupiga kelele redioni, na anga lilikuwa jeupe toka Mwanza mjini hadi ng'ambo. Akasema, Bwana umenisikia. Akapanda kijia kinachopita kati ya majabali, akafika juu, akatazama bondeni kwenye uwanja wa kituo chake cha kusikiliza jua, na sala ikamkauka mdomoni.

Antena zake zilikuwa zimesimama.

Zilikuwa kumi na mbili, katika safu mbili, zikielekea ziwani magharibi. Kila moja ilikuwa na nguzo, na kwenye nguzo mikono miwili ya chuma iliyopishana. Jana aliiacha ile mikono ikiwa imelala mshazari, mmoja ukiinamia kulia na mwingine kushoto, mfano wa vijiti viwili vya kufungia mlango. Sasa kila antena ilikuwa na mkono mmoja wima kabisa na mmoja uliolala sawasawa. Uwanja mzima ulikuwa misalaba mitupu. Ulifanana na makaburi ya misheni.

Ili mtu aielewe hasira ya Kemilembe, lazima kwanza ajue ile mikono ilikuwa ya nini. Jua hutoa mwanga, lakini hutoa pia mawimbi ya redio. Mawimbi mengine yanayotoka kwenye madoa ya jua huja yakijisokota njiani kama kamba ya mkonge, ama kwa kulia ama kwa kushoto. Kemilembe, binti wa mwalimu wa Kilutheri wa Kamachumu, alikwenda kusoma uhandisi ng'ambo ya bahari, akarudi, na pamoja na fundi wake Anil akaunda kipokezi cha kupima jambo hilo moja tu: jua linasokota upande gani, na kwa kiasi gani. Walikitengeneza miaka minne. Anil alizichonga nguzo karakana kwa baba yake, na waya waliuunga mmoja mmoja.

Mwaka uliopita alikwenda mkutanoni Nairobi kueleza walichokipata. Bingwa mmoja mgeni, mzee mwenye mvi na tabasamu, alisimama mbele ya watu wote akasema, "Kinachosokota ni antena yako, bibi, siyo jua." Watu wakacheka. Kemilembe akarudi Mwanza na kicheko kile masikioni, na hakikumtoka hata kanisani.

Jibu lilikuwa moja. Siku ya kupatwa, mwezi ungelifunika doa la jua polepole kisha ungelifunua. Kama kusokota kungekufa doa likifunikwa na kufufuka likifunuliwa, basi ni la jua. Antena haipatwi na mwezi. Na siku yenyewe ilikuwa leo, na nyingine kama hiyo Mwanza hakuna aliyejua kama angeiona akiwa hai.

Hasira ilimpanda kuanzia magotini.

Pembeni mwa uwanja, kwenye kivuli cha jabali, watu wa kijiji walikuwa wamekaa wakila viazi vitamu. Majembe yalikuwa yameegemezwa vizuri. Jumamosi ni siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kila mtu anaijua, lakini kwa kawaida waliishia kwenye barabara na kisima. Chenge, mjumbe wa nyumba kumi, aliinuka akamjia huku akifuta mikono kwenye kaptula.

"Karibu, mhandisi! Umeona? Tumekunyooshea!"

"Nani amegusa vyuma vyangu?"

"Sisi sote. Tangu alfajiri. Tumefungua nati, tumenyoosha, tumefunga. Hata kimoja hakijavunjika."

"Nimeuliza nani!"

Viazi vilisimama njiani kuelekea vinywani. Bibi mmoja mwembamba alijitokeza, mkononi ana kijiti kilichozungushiwa kamba ndefu ya kupandia pamba. Jina lake Ng'washi. Shamba lake lilipakana na kituo, na mara nyingi alikuwa akimletea Kemilembe maziwa ya mgando.

"Ni mimi niliyepima kwa kamba, mwanangu," alisema. "Wewe ni mtu wa sala. Tukasema, mtu wa sala hata misalaba yake imelala?"

"Misalaba? Hiyo siyo misalaba! Nani aliwaita? Nani aliwatuma? Miaka minne! Miaka minne, na ninyi kwa asubuhi moja mnakuja na majembe yenu kuniharibia! Nyoosheni vya kwenu! Wajinga wakubwa ninyi!"

"Hee," mtu mmoja alisema kutoka kivulini. "Nshomile wetu, msomi wa Kamachumu, amekasirika. Hata shikamoo hakuna."

"Shikamoo ya nini? Mtu akuue, halafu umwamkie?"

Ng'washi aliikusanya kamba yake taratibu, akaizungushia kijiti, akashika njia ya kwake. Hakuna aliyemwita.

Hapo ndipo Anil alipotoka kwenye kibanda cha kipokezi, hedifoni shingoni, uso umemsawijika.

"Na wewe ulikuwa wapi?" Kemilembe akamgeukia.

"Humo ndani. Nilikuwa nasikiliza. Dada, nilisikia jua limebadilika." Akazivua hedifoni shingoni. "Nikadhani ni jua."

Siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini. Kemilembe aliiweka mashine ya hospitali juu ya jiwe kwa uangalifu, maana mali ya watu haina kosa, kisha akaupiga teke mlango wa kibanda.

"Mhandisi," Chenge alisema, sasa bila tabasamu, "nieleze basi. Kitu kilichonyooka kina ubaya gani?"

"Tazama ziwa."

Chenge akatazama. Ziwa lilikuwa liking'aa hata kuumiza macho.

"Ziwa ni kioo. Wimbi la jua linanifikia mara mbili, moja kwa moja kutoka juu, na tena kwa kurudishwa na maji na ardhi. Mkono uliosimama unayasikia maji kwa namna moja. Mkono uliolala unayasikia kwa namna nyingine kabisa. Mikono miwili isiposikia sawa, chombo kinaniambia wimbi limesokotwa hata kama halikusokotwa. Kinanidanganya! Lakini nikiinamisha yote miwili kwa mshazari, kila mmoja unayasikia maji sawa na mwenzake, na uongo unakwisha. Ndiyo maana vilikuwa vimelala. Haukuwa uvivu wala haukuwa ulevi."

Neno lile la mwisho lilimfanya Chenge ainamishe kichwa.

"Ndivyo alivyosema," akajibu.

"Nani?"

"Ofisa wa mkoa. Alipita Jumatano wewe uko mjini. Alisimamisha gari pale, akasema, 'Vyuma gani hivi vimelala kama walevi? Wageni wakiona watasemaje? Jumamosi nikirudi nivikute vimesimama, la sivyo nitamjua adui wa maendeleo ni nani.'"

"Na hamkuniambia!"

"Tungekuambiaje? Tulitaka uje ukute kazi imekwisha, usiguswe. Na Mama Ng'washi ndiye aliyetuhimiza." Chenge akashusha sauti. "Wewe mwaka juzi ulikuwa bado mjini karakana, hukuwapo hapa. Shamba lake lina jabali katikati. Mistari yake ya pamba ilipinda kidogo kulizunguka. Kwani utalima ndani ya jiwe? Basi ofisa huyo huyo alikuja, akasimama juu ya jabali lenyewe, akaamuru mipamba ing'olewe yote. Yote, mbele ya watu, kwa sababu mistari haikunyooka. Mama yule alitazama mpaka mche wa mwisho. Alipoona vyuma vyako vimepinda, alisema, 'Huyu binti naye watamng'olea.'"

Kemilembe aliitazama njia aliyoishika bibi. Hasira haikupungua. Ilikuwa kama maji yaliyogonga ukuta, yakisimama yakitafuta pa kupitia. Alijua Maandiko yanasema tusiache jua lizame tukiwa na hasira. Lakini leo jua lenyewe lilikuwa na shughuli zake, na hasira aliyokuwa nayo ilikuwa imemwagwa mahali pasipo pake.

Akaifuata njia ya Ng'washi mbio.

Alimkuta bibi ameketi nyuma ya jabali lake, kamba mapajani.

"Shikamoo, mayu," akamwamkia, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

Mbuzi alilia kwa mbali.

"Marahaba," Ng'washi akasema mwishowe, bila kumtazama. "Umenitukana vizuri. Mdomo unao, tena mkali. Yule akija, utakuwa nao?"

Kemilembe akapiga magoti kwenye mchanga, siyo kwa kuigiza. "Nimekosa, mama. Nisamehe. Akija utauona."

"Tutaona." Bibi akamtupia jicho. "Haya. Unataka nini? Hukukimbia hivyo kwa shikamoo peke yake."

"Nataka kamba yako."

Kwa mara ya kwanza siku ile Ng'washi alicheka, kicheko kifupi cha puani. Wakarudi pamoja.

Kazi ya kulaza vyuma ilikuwa rahisi kwa aliyejua kuvisimamisha. Kemilembe aliwaambia walegeze nati na kuizungusha ile mikono mpaka ncha mbili za juu za kila antena ziguse kamba iliyokazwa bapa. Mikono ilikuwa ya urefu mmoja na imepishana sawasawa. Ncha zote mbili zikigusa kamba, mshazari umekaa. Ng'washi alishika kamba upande huu, Chenge upande ule, na Anil akakagua ubapa kwa chupa ya maji yaliyojaa nusu. Ile kamba iliyonyoosha asubuhi ndiyo iliyopinda mchana. Mtu aliyemwita nshomile alifunga nati nyingi kuliko wote, akilalamika bila kupumzika.

"Asubuhi nyoosha, mchana pinda. Kesho mtatuambia tuvizike."

"Funga, wewe!" Ng'washi akamkaripia.

Lakini muda haukuwangoja. Walipokuwa kwenye safu ya pili, vivuli vya majani ya mti vilibadilika chini, kila tone la mwanga likawa mwezi mwandamo mdogo. Kemilembe aliuma mdomo. Doa kubwa, lile alilolitegemea, lilikuwa likifunikwa na yeye hajaanza kuandika. Kufa kwa kusokota kulikuwa kunapita, na hakuna karatasi iliyokuwa ikikuona. Alitamani kulia na kupiga mtu kwa wakati mmoja. Kilichobaki ni kufufuka.

Akaingia kibandani, akaunga mashine ya moyo kwenye kipokezi, akawasha. Kalamu ikatetemeka, kisha ikatulia, ikichora mstari karibu na katikati ya karatasi. Doa limefunikwa. Hakuna kusokota.

"Anil," akasema, "kuna jambo jingine. Hata likifufuka, yule mzee wa Nairobi atasema kipokezi chenyewe ndicho kilichosukuma kalamu."

"Tubadilishe vile vipande vya waya?"

"Tubadilishe."

Kila antena ilikuwa na kisanduku, na ndani yake kipande cha waya kilichouchelewesha mkono mmoja kidogo. Ndicho kilichokifanya chombo kisikilize kusokota kwa kulia. Kukihamishia mkono wa pili kulikifanya kisikilize kusokota kwa kushoto. Jua likiwa ndilo linalosokota, kalamu lazima iruke upande wa pili wa karatasi. Ukiwa ni uongo wa kipokezi, kalamu itabaki palepale. Walipojaribu zamani wao wawili tu, walikimbia kutoka antena hadi antena, na kabla hawajamaliza jua lilikwisha kugeuka. Hawakuwahi kufanikiwa.

Kemilembe alichungulia nje, akawaona watu wa msaragambo wamesimama wakisubiri kuambiwa waende nyumbani.

"Kila mtu asimame kwenye antena yake!" akaita. "Nikipuliza filimbi, chomoa waya mmoja kutoka kushoto, chomeka kulia. Wote kwa pamoja. Msitazame jua, mtapofuka. Tazameni waya."

Wakajipanga. Ng'washi akachukua antena ya mwisho, iliyo karibu na barabara.

Giza lilikuwa la ajabu, siyo la usiku wala la mvua. Kuku wa kijiji walianza kurudi bandani. Kemilembe aliitazama kalamu, akaomba bila maneno. Na wakati huohuo kalamu ikaanza kuchachawa, juu chini, juu chini, kama moyo wa mtu anayefukuzwa.

"Hilo siyo jua," Anil akasema.

Ilikuwa Landrover. Cheche za injini yake zilikuwa zikipiga kelele kwenye kipokezi hata kabla sauti yake haijasikika. Kemilembe akatoka mbio, sketi mkononi.

"Zima gari! Zima!"

Gari likasimama kwenye geti, injini ikinguruma. Ofisa alitoa kichwa dirishani, suti ya mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni.

"Ndugu, ndivyo mnavyopokea viongozi? Na hivi vyuma! Si nilisema vinyooshwe?"

"Nimesema zima gari. Likiendelea kuwaka unaniharibia kazi ya miaka minne."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Nazungumza na mtu aliyeng'oa pamba ya mjane kwa sababu Mungu aliweka jiwe shambani mwake! Ulimuuliza kwa nini mstari umepinda? Hukumuuliza. Uliniuliza mimi kwa nini vyuma vimelala? Hukuniuliza. Kazi yako ni kunyoosha usichokijua. Sasa nyoosha mkono wako, uzime gari!"

Watu kumi na wawili walikuwa wameshika visanduku vyao, wakitazama waya kama walivyoamriwa, masikio yote yako getini.

"Twende ndani," ofisa akamwambia dereva. "Huyu tutamshughulikia ofisini."

Gari likasogea. Ng'washi akaiacha antena yake, akaja, akaketi chini mbele ya bampa na kukunja miguu, kamba yake mapajani, kama mtu aliyekuja kuchambua mbegu.

Dereva, kijana waliyemwita Ngosha, alimtazama bibi. Kisha akageuza ufunguo. Injini ikafa.

"Washa!"

"Imekataa, mzee."

"Hujajaribu!"

"Naijua, mzee. Ikishakataa huwa imekataa."

Kutoka kibandani Anil alipiga yowe. "Dada! Inapanda! Kalamu inapanda!"

Mwezi ulikuwa umeanza kuliachia doa. Kemilembe akageuka, filimbi mdomoni, akaona antena ya mwisho haina mtu. Kabla hajaita, Ngosha alikwisha kuruka kutoka garini, akakimbilia pale bibi alipomwonyesha kwa kidole. Filimbi ikalia. Mikono yote ikachomoa, ikachomeka.

Akaingia kibandani mbio. Mstari ulikuwa umetoka katikati ukapanda pole pole upande mmoja, juu, juu kabisa. Kisha, pale filimbi ilipolia, ukaanguka kama jiwe, ukapita katikati, ukasimama upande wa pili, umbali uleule. Haukubaki. Uliruka.

Anil aliweka kidole karibu na wino, hakuugusa. "Ni jua," akasema.

"Ni jua," Kemilembe akasema. "Nusu yake tumeikosa kwa sababu ya mtu mmoja. Lakini ni jua."

Mwanga uliporudi, ofisa alikuwa uwanjani, akizunguka antena kwa antena, viatu vikikusanya vumbi. Hakuomba kuonyeshwa karatasi.

"Jumatatu," alisema, "naleta watu wangu. Vyuma hivi vitasimama wima, kama vitu vya serikali. Na wewe utakuja ofisini kueleza lugha yako."

"Mzee," Ng'washi akasema akiwa bado ameketi mbele ya gari, "na jua lenyewe utalipima kwa kamba? Maana linatua Sengerema, halifuati barabara."

Watu walicheka waziwazi, na kwa kicheko kile Kemilembe alihisi kile cha Nairobi kikimtoka masikioni. Ofisa akapanda gari. Injini, iliyokuwa imekataa, iliwaka mara moja.

Chenge alimkaribia. "Mhandisi, Jumatatu tutafanyaje? Atakuja kweli. Huyu haachi."

Kemilembe alikuwa ameikunja ile karatasi ndefu, akaitia ndani ya Biblia yake, maana hapakuwapo mahali pengine palipokuwa pakavu na pasafi. Kesho yake asubuhi angevuka ziwa, airudishe mashine kwa Sista. Baada ya hapo angerudi hapa.

"Atatukuta," akasema. "Mama Ng'washi, njoo na kamba. Na siku hiyo tutaanzia shambani kwako. Nataka anieleze, mbele ya watu, lile jabali lilimkosea nini."

"Hasira yako haijaisha, binti?" bibi akauliza.

Kemilembe aliangalia magharibi. Jua zima, lisilo na alama ya kupatwa, lilikuwa likishuka kuelekea maji. Aliyakumbuka yale Maandiko, akainamisha kichwa, akaomba kwa sauti ndogo ambayo Ng'washi peke yake aliisikia:

"Bwana, hii ya leo nisamehe. Ile ya Jumatatu niwekee."